Wake Kumi na Mmoja wa Kasri la Ziwani

Mwezi uliopita nilialikwa harusi ya binti wa mfanyakazi mwenzangu, Mkenya tunayekaa naye ofisi moja Rockville, nje kidogo ya Washington. Nikafuata ramani ya simu kama ninavyofanya kila siku, bila kujali ninapelekwa wapi. Nikaipita Bowie, barabara ikasinyaa, miti ikazidi, na nilipozima gari nikajikuta mbele ya nyumba ya mawe yenye minara miwili, na nyuma yake maji. Nikajiambia hapana, siyo hii. Matajiri wa nchi hii wamejenga nyumba za mawe kila kona. Lakini nilipovuka mlango harufu ya nta ya sakafu ikanipokea, ile nta ya nyuki inayopakwa na mtu aliyepiga magoti, na ubishi ukaniisha. Wageni wenzangu waliinua magauni yao wakaenda kupiga picha kwenye ngazi. Mimi nilibaki pale na boksi langu la sufuria mkononi, mtu mzima mwenye watoto wake, nikilia kabla hata bibi harusi hajaingia.

Nilikuwa na miaka minane nilipoingia nyumba ile mara ya kwanza, na wakati huo hakuna aliyekuwa akiikodisha kwa harusi. Ilikuwa nyumba ya watawa. Masista kumi na mmoja, wazee wote, waliishi humo, na Mama alikuwa ameajiriwa kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wale wasiojiweza. Tulikuwa tumebaki wawili, yeye na mimi, katika fleti ya chumba kimoja karibu na College Park. Baba alikuwa amekwenda nyumbani Ujiji kumzika babu. Alisema wiki tatu, na wiki tatu zile zilikuwa zimekaribia mwaka. Shule zilipofungwa kiangazi Mama hakuwa na mtu wa kuniacha naye, akaomba ruhusa ya kwenda nami kazini. Sista mkuu alikubali kwa sharti moja tu, nisikimbie kwenye korido.

Tulikuwa tukienda na gari la Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Uvira aliyepika jikoni kwa masista. Gari lake lilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba, na yeye mwenyewe alikuwa na haraka isiyoisha.

"Mutoto, ikala muzuri, fungaka ceinture," aliniambia kila asubuhi, akiuvuta mkanda wa kiti changu. "Tuko en retard, bamasista batakuwa wanangojea chai."

Siku ya kwanza nilipoliona ziwa nilipiga kelele kwa furaha. Mama akalitazama, akasonya. Yeye kazaliwa Ujiji, kakua na Ziwa Tanganyika mlangoni, ziwa ambalo siku ya ukungu huuoni upande wa pili hata ukikodoa macho.

"Hili nalo ziwa?" alisema. "Hili si karo la kuoshea vyombo?"

Mama Furaha, naye mtoto wa ziwa hilohilo kutoka ng'ambo, alicheka mpaka akaegesha gari juu ya maua. Lakini kasri lenyewe hawakulicheka. Kuta zake zilikuwa za mawe ya kijivu, nene kiasi kwamba mimi niliweza kulala chali kwenye kizingiti cha dirisha na miguu isitoke nje. Kulikuwa na milango mirefu kuliko basi la shule, na ngazi pana ya mbao iliyozunguka ukumbi. Kila kitu kilinukia nta na supu ya vitunguu. Mimi niliamini tumepandishwa cheo.

Sista ambaye Mama alikabidhiwa rasmi amtunze aliitwa Sista Agata. Alikuwa na miaka themanini na sita, miguu imekufa, akili imebaki kali kama wembe. Ujanani alikuwa mkunga huko Tabora kwa muda mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, kwani mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kujibu kila kitu kwa Kiingereza. Mama alipomsalimu asubuhi ya kwanza, "Shikamoo Sista," kwa mazoea tu, bila kutegemea jibu, kikongwe yule wa Kizungu aliitikia "Marahaba, mwanangu" kutoka ndani ya blanketi. Mama ilibidi ashike ukuta. Tangu siku hiyo wawili wale walikuwa hawaachani.

Sista Agata ndiye aliyegundua kwamba Mama alikuwa akiswali adhuhuri yake chooni, amejibana kando ya sinki. Hakumwambia Mama kitu. Alimwita sista mkuu, na kesho yake stoo ya mashuka ilikuwa imefagiliwa, kabati limesogezwa, na dirisha lake lililotazama ziwani upande wa kaskazini mashariki, kilipo kibla, limesafishwa. Sista mkuu akatangaza wakati wa chai kwamba kuanzia saa saba mchana mtu yeyote asiingie mle kutafuta foronya. Nimeishi nchi hii miaka mingi sasa, nimefanya kazi kwenye ofisi zenye vyumba vya kila aina, na sijaona tena heshima iliyotolewa kimyakimya namna ile.

Sasa mtoto wa Kiislamu wa miaka minane, aliyetoka Ujiji na picha chache tu kichwani, anaingia nyumba kama hiyo na kuona nini? Niliona wanawake kumi na mmoja waliofunika vichwa vyao kwa adabu, kama bibi zangu. Kila mmoja ana pete moja ya fedha kidoleni, zote za namna moja. Wanakula pamoja na wanalala kila mtu na chumba chake. Na juu kabisa ya ngazi, ndani ya fremu ya dhahabu, ananing'inia mwanamume mmoja tu wa nyumba nzima, bwana mwenye ndevu na mnyororo wa saa tumboni, anawatazama wote. Sikuhitaji kuuliza. Yule ndiye mume wao, amefariki au amesafiri, na hawa ndio wake zake.

Hilo halikunishtua hata kidogo. Babu yangu alikuwa na wake wawili. Kilichonishtua ni amani. Kule kwetu Bibi Mkubwa na Bibi Mdogo walipika wakipeana mgongo, na waliwahi kununiana msimu mzima wa mvua kwa sababu ya ufagio. Hapa walikuwa kumi na mmoja! Wanasukumana kwenye viti vya magurudumu, wanakatiana nyama, mmoja akisahau jina lake mwenzake anamkumbusha bila kumcheka. Niliwastaajabia kupita kiasi. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi na kuwatazama kama watoto wenzangu walivyotazama televisheni.

Halafu ikaja Jumapili moja, siku ya Mama kumpigia Baba simu. Tulikuwa tunanunua zile kadi za kukwangua, Mama anasoma tarakimu nami nazibonyeza. Jumapili hiyo alibonyeza mwenyewe, akaingia bafuni na simu, waya ukapita chini ya mlango. Nikaweka sikio. Sauti ya Baba ilikuwa inatoka kubwa, maana laini ilikuwa mbaya na alikuwa anapayuka. Nilisikia kwamba ameoa. Nilisikia kwamba sisi turudi Ujiji kabla shule hazijafunguliwa, tiketi atazishughulikia mjomba wake.

"Nyumba ina vyumba vya kutosha," Baba alisema. "Mtakaa kwa raha zenu. Hakuna atakayemwingilia mwenzake."

Mama alisema atajibu mwisho wa mwezi wa nane. Alipotoka alikuwa amenawa uso, akaniuliza kama nataka chapati. Mimi nilikuwa na hamu na Baba mno. Nilikumbuka anavyoninyanyua na kunigusisha dari, nilikumbuka hata kikohozi chake. Nikasema nataka chapati, na moyoni nikaamua kwamba tutarudi, na kwamba kazi ya kumfundisha Mama kuishi na mke mwenza ni yangu mimi. Walimu ninao, tena kumi na mmoja.

Kesho yake nikamfuata Sista Agata. Alikuwa kwenye kiti chake chini ya ngazi, anamenya njegere kwenye bakuli, kazi aliyokataa kunyang'anywa.

"Sista, how come hamgombani?" nikamuuliza. "Mko wengi sana, halafu mna-share kila kitu."

Akanitazama juu ya miwani. Swali alilipenda.

"Nani kasema hatugombani? Tunagombana sana. Ila tuna taratibu zetu. Usianze kula kabla mwenzio hajakaa. Kikombe cha mwenzio usikiguse, hata kama kimekaa mwezi mzima. Na ukikosana na mtu asubuhi, jioni mwombe yeye chumvi mezani. Si lazima uitumie. Wewe iombe tu."

"Na yeye?" Nikaonyesha juu, kwa yule bwana wa ndevu. "Anawapenda wote sawasawa?"

Sista Agata hakugeuza shingo, haikuwa ikigeuka. Aliona kidole changu kinaelekea juu akaelewa kivyake.

"Sawasawa kabisa," alisema. "Wengine imetuchukua miaka hamsini kulizoea hilo."

Nikaondoka na elimu yangu. Wiki ile yote Mama alipata tabu. Nilikataa kuanza kula kabla hajakaa. Nilimwambia asiguse vikombe vya watu. Aliponigombeza asubuhi, jioni nilimwomba chumvi, akanipa, nikairudisha bila kuitumia. "Una nini wewe?" alikuwa akiniuliza, naye ana mawazo yake mengine.

Mwisho nikashindwa kujizuia. Tulikuwa stoo ya mashuka, ameshaswali, anakunja mashuka nami nashika ncha.

"Mama, let's just go back," nikasema. "Ni rahisi. Hata masista wako eleven, mume wao mmoja, na hawa-fight. Sista Agata amenifundisha. Nitakufundisha na wewe."

Shuka likamponyoka. Akaniuliza mume yupi. Nikamwonyesha kwa kidole, kupitia ukuta, upande wa ngazi. Mama akakaa chini juu ya mashuka safi, jambo asilolifanya kamwe, akacheka. Alicheka kwa mikono miwili mdomoni ili asisikike, mabega yanaruka. Kisha mabega yakaendelea kuruka lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikajua nimekosea, ila sikujua wapi.

"Kumbe ulisikia," alisema. "Siku zote hizi ulikuwa unajua."

Akanikalisha mapajani, mtoto mkubwa kama mimi, tukakaa hivyo mpaka Mama Furaha alipokuja kutuita. Baadaye akamsukuma Sista Agata ukumbini, na mimi nikiwa nyuma nimeshika aproni yake kwa aibu.

"Sista, huyu mtoto wangu amewaozesha nyote," alisema, "kwa yule bwana pale juu."

Sista Agata alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye njegere. "Wote kumi na mmoja? Na sista mkuu naye?" Alijifuta macho. Mama akainama, akamwambia na yale mengine, habari za Baba, kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Mama, "Mwajuma, geuza kiti. Nataka mtoto ajue yule ni nani."

Yule bwana alikuwa mtu wa reli na mbao. Alioa binti aliyekulia kwenye maziwa makubwa ya kaskazini, na binti huyo hakuweza kulala vizuri mahali pasipo na maji. Basi mume akanunua bonde lenye kijito, akakiziba kwa ukuta wa mawe, akangoja misimu miwili maji yajae. Ndiyo maana ziwa ni dogo, alisema Sista, ni ziwa la kutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mama akatazama chini, nadhani alilikumbuka lile neno lake la karo. Juu ya maji yale bwana akajenga kasri, minara na yote, na hati akaiandika kwa jina la mke. Yeye kazi zilimweka mjini Washington. Alikuja kila Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu.

"Baada ya miaka sita mke akapata habari," Sista alisema. "Mjini kuna nyumba nyingine, mwanamke mwingine, na watoto wawili."

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Akamwandikia barua. Mume akajibu kwa upole sana, barua nimeisoma. Alisema kasri lina vyumba thelathini na viwili. Wanaweza kukaa wote, na hakuna atakayemsumbua mwenzake."

Mama aliacha kuchambua njegere alizokuwa ameanza kuzichambua.

Siku hizo masista walikuwa watano tu, wakiuguza maskini katika banda la mbao lililojaa maji kila mto ulipofurika. Yule mke aliwaendea mwenyewe na gari la farasi la shambani. Aliwaambia waje na vitanda vyao na wagonjwa wao, na wasisubiri. Jumamosi ile mume alipofika alikuta wagonjwa wa homa wamelazwa kwenye ukumbi alioupambia vichwa vya swala na mbogo, na mkewe yuko jikoni amefunga aproni. Bwana akavua kofia. Mtu mmoja asiyemjua akampa bakuli la supu. Aliinywa yote, akashukuru, akaondoka, na kasri lile hakulikanyaga tena. Masista walitaka kuitoa ile picha yake. Mke akakataa. Alisema nyumba kaijenga yeye, basi aitazame kazi inayofanyika ndani yake.

"Naye akawa sista?" niliuliza.

"Hata! Alisema ameshaolewa mara moja na inamtosha." Sista Agata akacheka kidogo. "Aliishi mnara ule wa kushoto miaka thelathini. Mimi nilipokuja hapa msichana, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumpandishia chai."

Sasa Mama akauliza, na sauti yake sikuizoea. "Na hakujuta, Sista?"

"Nilimuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mjinga, nikamuuliza hivyohivyo. Akanijibu, 'Kila Jumamosi.' Kisha akaniambia chai haina sukari."

Mama aliinua bakuli la njegere akalipeleka jikoni. Sista Agata hakumwita arudi, wala hakuongeza neno la kumshauri. Hilo nalo ninalistahi mpaka leo, maana kila mtu mwingine aliyejua habari zetu baadaye alikuwa na ushauri wake. Mwaka uliofuata Sista Agata alifariki, na Mama ndiye aliyemwosha, akiwa peke yake ndani, masista wengine wakisali nje ya mlango. Waliobaki walipopungua sana nyumba iliuzwa. Mama kufikia wakati huo alikuwa ameshasomea uuguzi, na barua ya kumwombea nafasi chuoni ilikuwa imeandikwa na sista mkuu.

Lakini nirudi kwenye ile Jumapili ya mwisho wa mwezi wa nane. Mama hakuingia bafuni. Alikaa kitandani, mimi pembeni yake, akakwangua kadi na kunisomea tarakimu kama zamani. Baba alipopokea walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za wagonjwa na za mvua. Kisha Mama akasema.

"Mume wangu, mimi sirudi. Dini imekupa ruhusa, sikatai, na huyo binti wa watu sina neno naye. Lakini kukaa humo sitaweza, na sitajilazimisha. Mtoto ni wako. Siku ukija kumwona, mlango uko wazi."

Sikusikia Baba alijibu nini. Yalikuwa maneno mengi, na Mama aliyapokea yote kwa "naam" na "nimekusikia", mkono wake umenishika goti. Kisha akanipa simu.

"Mama yangu, hujambo?" Baba alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita. "Usihuzunike. Nakuja. Shule zikifunguliwa tu mimi niko hapo, nitakupeleka darasani mwenyewe."

Niliruka juu ya kitanda. Nikapiga kelele, "He's coming! Baba anakuja!" Mama akanyoosha mkono akaichukua simu. Hakupandisha sauti.

"Usimwahidi mtoto," alimwambia. "Kama huji, mwambie huji. Mwambie sasa hivi."

Akanirudishia. Nikasikia kuku wa Ujiji kwa mbali, na mtu anatwanga.

"Siji, mama," Baba alisema. "Nisamehe."

Nililia siku ile nzima, na nilimchukia Mama wiki mbili kamili, kwa moyo wangu wote. Lakini asubuhi ya kufungua shule nilivaa viatu, nikamshika mkono, tukatembea mpaka getini. Wenzangu walikuwa wanasukumana, magari yanafika, milango inafunguliwa na kufungwa, na mimi sikugeuka hata mara moja kutazama nani anashuka.